Tiketi ya Baya wa Kazungu

Nyumba za Buxton,
S.L.P. 84417,
Mombasa.

2 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Kazungu,

Pokea salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, maana sijui barua hii itakukuta saa gani. U hali gani huko Uingereza? Ashley hajambo? Na mtoto je, shule anaipenda? Kile kifua ulichosema humbana wakati wa baridi kimemwacha? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa miguu, na hiyo ni kwa sababu ya ngazi za ofisini. Lifti yetu ilikufa mwaka jana na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuizika.

Mama mdogo Mejumaa naye hajambo. Yuko kule kule Mji wa Kale, na kila Ijumaa baada ya sala anakuja na sahani ya Baba imefunikwa kwa kitambaa. Tunagombana. Daktari amekataza chumvi, na Mama mdogo amekataa kupika bila chumvi, ati hajawahi kumlisha shemeji yake chakula cha mgonjwa na hataanza uzeeni. Tangu Mama atutoke, yeye ndiye anayetushika pale tunapopwaya, kwa hiyo namwachia agombe.

Sasa niseme habari za Baba, maana najua umeshaanza kuruka mistari kumtafuta.

Moyo wake umechoka, Kazungu. Miguu inavimba, na usiku analala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa kuwa akilala chali anakosa pumzi. Akili yake iko timamu kabisa, na ulimi wake unaujua. Lakini daktari aliniita kando akaniambia nisimpangie mambo ya mwakani. Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilitumaini dawa mpya zitafanya kazi. Hazikufanya kazi kubwa. Nimelia, nimenyamaza, na sasa nakwambia wewe.

Lakini hilo silo hasa lililonikalisha hapa mezani. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo Baba analisubiri kutoka kwako, na ametumia njia ya ajabu kulitafuta. Keti unisome taratibu.

Mwezi wa nane ulituletea kadi. Uliandika kwamba ukisimama jikoni kwako jioni unaziona taa za uwanja, na timu ikifunga bao unawasikia watu wakishangilia kabla redio haijatangaza. Ukaongeza, kama mzaha, kwamba miaka yote hiyo hujaingia hata mara moja, kwa kuwa tiketi huuziwa wanachama kwanza na asiye mwanachama hungoja masazo, na masazo yenyewe ni nadra. Nilimsomea Baba kadi hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Unajua timu hiyo ni yake tangu enzi za kazi bandarini, tangu ile redio ya mbao iliyokuwa ikipigwa kofi ndipo iseme. Akasema, akikuita baba kama kawaida yake, "Kwa hivyo babangu asimama nje ya ukuta, asikiliza bao jikoni kama mtu asiye na wenyewe?"

Niliona neno hilo limemwingia. Kesho yake ananiuliza tiketi za wasio wanachama zinauzwa na nani. Kesho kutwa ananiuliza tena. Nikamwambia, Baba, Kazungu ni mtu mzima, ana mke na kazi, akitaka mpira ataenda mwenyewe. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikisema upuuzi.

Ikawa nimemweleza Bramwel, mkuu wetu kule ofisini, na Bramwel akasema siku hizi tiketi za huko zinauzwa kwenye intaneti, na mtu yeyote aliyeko popote anaweza kununua mradi ana kadi ya benki. Yeye anayo, ndiyo anayoagizia vipuri ng'ambo. Akakubali kulipa kwa kadi yake, na hayo ya malipo mimi na yeye tumeshayamaliza, kwa hiyo usianze kuniuliza wala kunitumia kitu.

Kuna msichana anaitwa Winnie amefungua chumba cha intaneti karibu na Makadara, kompyuta nne na feni moja. Nilikwenda kwanza peke yangu. Tulipoufungua ukurasa wa timu yako tukakuta mlango umefungwa. Tiketi za mechi ya tarehe nne Desemba zilikuwa bado ni zamu ya wanachama, na wengine wote wakaambiwa warudi Jumatatu ya wiki nyingine. Baba niliporudi kumweleza, akasema siku hiyo atakwenda mwenyewe. Nilimkatalia. Ungekuwepo ungeniambia nisipoteze pumzi.

Alivaa koti la kanisani. Kutoka hapa Buxton hadi Makadara si mbali, wewe unakujua, tulikuwa tukikimbia. Safari hii tulikwenda kwa kutoka kivuli hadi kivuli, na kila alipoketi kibarazani mwa watu alijifanya anataka kuwasalimia wenye nyumba. Nilikuwa nikitembea nyuma yake nikiogopa kila hatua, na wakati huo huo nikimwonea fahari.

Winnie akampa kiti chake mwenyewe. Ukurasa ulishuka polepole kama pazia lililokwama. Swali la kwanza likawa kama wewe ni mwanachama. Winnie akatugeukia. Baba akasema, "Mwambie kweli. Sisi ni wageni." Winnie akabonyeza hapana, na kweli tukaruhusiwa kupita. Masharti yalikuwa kwamba asiye mwanachama apate tiketi moja tu kwa jina lake, tena lazima jina la kila atakayeketi liandikwe, hata la mtoto.

"Mtu mzima ni nani?" Winnie akauliza.

"Kazungu Baya."

"Na mtoto?"

Baba akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya bakora. Hakuniangalia. Akasema, "Baya Kazungu."

Nilijua mara moja anafanya nini, Kazungu: anamwita mtoto kwa jina lake mwenyewe.

Winnie ni mtu wa bara, kwao hawaitani hivyo. Akasema, "Mzee, hili si lile lile, umeligeuza tu?" Baba akamfafanulia kwa upole, kama anavyowafafanulia wageni wote. "Huyu wa kwanza ni mwanangu. Nilimpa jina la marehemu babangu, ndiyo maana namwita baba. Huyu dada yake ana jina la mamangu, namwita mama. Na huyu mdogo ni mwanawe mwanangu, naye kwa desturi yetu hupewa jina langu." Akajigonga kifua kwa kidole. "Huyu mdogo ni mimi." Winnie akatabasamu, akaandika.

Mtoto ana miaka sita sasa. Katika miaka hiyo sita, Kazungu, hujawahi kutuandikia jina lake. Nimezisoma upya barua zako zote na kadi zako zote. "Mtoto ameanza kutembea." "Mtoto ameota meno." "Mtoto anawasalimu." Ile picha iliyo juu ya kabati, nyuma umeandika, "Mtoto wetu, miezi minane." Baba alipokuandikia kukupongeza alimwita mtoto Baya, mimi ndiye niliyeshika kalamu. Ulijibu barua ile kwa kurasa mbili, ukazungumzia theluji, kazi, nyumba mpya, na mtoto ukamwita mtoto. Baba aliniambia nikunje karatasi, akatoka nje. Hajaligusa jambo hilo tena kwa mdomo wake mpaka siku ile kwa Winnie.

Sijui ulimpa jina gani. Huenda ni jina zuri. Huenda Ashley alitaka jina la babake, na babake naye ni babu. Huenda ulidhani Baba angali amekasirika kwa sababu mlifunga ndoa bila sisi kujua, na ukaona si haki kumpa mtoto jina la mtu aliyekununia. Kama ni hilo, nakwambia kununa kwake kulikwisha siku ile picha ilipofika. Aliipeleka mpaka Marikiti kuwaonyesha wauza ndizi. Nikamfuata nikidhani amepotea, kumbe anatembeza mjukuu.

Basi tukadhani mambo yamekwisha. Kwa Winnie tulipata viti viwili ubavu kwa ubavu, nyuma ya goli, na Baba akarudi nyumbani amechangamka akala hata uji wangu ambao anasema ni gundi. Kimoja kilikuwa chako, kingine cha mtoto. Tiketi zenyewe zingekaa dirishani hapo uwanjani mpaka mzichukue. Nilitaka nikuandikie siku ile ile, Baba akasema tungoje thibitisho.

Jibu likaja wiki iliyopita. Winnie alilichapa akaniletea mwenyewe nyumbani, uso wake umenywea. Wenye timu wanasema kompyuta yao imegundua mtu mmoja asiye mwanachama amejiandikisha mara mbili kwa kugeuza majina yake, mara moja kama mtu mzima na mara ya pili kama mtoto ili apunguziwe. Kwa hiyo wamezuia viti vyote viwili. Kama ni watu wawili kweli, waje wote wawili dirishani kabla ya tarehe ishirini na sita Novemba, kila mmoja na karatasi yenye jina lake. Akija mmoja, atapewa kiti kimoja. Kingine kitauzwa.

Nilimsomea Baba. Akaniambia nisome tena. Kisha akacheka, Kazungu, kicheko ambacho sijakisikia tangu Mama akiwa hai, mpaka akakohoa nikamshika. "Mashine imeona sawa," akasema. "Baya na Kazungu ni mtu mmoja. Marehemu babangu angefurahi." Halafu kicheko kikaisha, akawa anaangalia mlango. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Sasa itajulikana."

Hapo ndipo nilipomuuliza waziwazi. Baba, kwa nini miaka yote hii hukumuuliza Kazungu? Akanijibu, "Nimuulize nini, mama? Nimwambie, je, mwanangu, ulinikumbuka? Hilo mtu haulizi. Mtu huambiwa."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie. Bomba lenyewe halikuwa na maji, maana huku Buxton maji yamekuwa ya kubahatisha, kwa hiyo bila shaka alinisikia.

Nimekukasirikia sana wiki hii, sitakuficha. Nilipokuwa nikimsugua miguu nilikuwa nikikusema moyoni, maneno ambayo nisingeyaandika kwenye karatasi ya kupita posta. Mtu anashindwa vipi kuandika neno moja kwa miaka sita? Kama ni ndiyo, ungetupa furaha bila gharama yoyote. Kama ni hapana, ungetupa huzuni na tungeshaizoea. Umetupa kungoja, na kungoja kumemla Baba kuliko hata huo ugonjwa.

Mama mdogo Mejumaa alipopata habari hakukasirika kama mimi. Alikaa kitandani karibu na Baba, akamkunjia mkono wa shati, akaniambia, "Usimwandikie nduguyo kwa matusi. Mwambie babake yuwamngoja, na mato yake yatazama mlangoni. Yatosha." Nimejaribu kumtii, unaona mwenyewe nilipofika.

Nataka nikukumbushe kitu kimoja, kisha nikuache. Ulikuwa mdogo, labda umri wa huyo mtoto wako. Baba alikupeleka uwanja wa manispaa, mechi ya timu ya bandari, na mimi nikajikokota nyuma yenu kwa kuwa nililia sana kuachwa. Kwenye geti walikuwa wakiruhusu wenye kadi za chama kwanza, na Baba kadi yake ilikuwa imelowa kwa jasho haisomeki. Bawabu akamzuia. Kisha akakuona wewe umeshikwa mkono, akauliza, "Na huyu ni nani?" Baba akajibu bila kupepesa, "Huyu ni baba yangu." Watu wote kwenye mstari wakaangua kicheko. Bawabu akasema, "Haya bwana, pita na babako, nani atamzuia mzee." Tukapita sote. Wewe ulitembea umevimba kichwa jioni nzima, ukimwambia kila mtu kwamba wewe ndiye uliyemwingiza Baba mpirani.

Naamini hilo ndilo alilokuwa akilitaka kwa tiketi hizi, mpira ni kisingizio. Alitaka nawe ufike langoni umemshika mtu mkono, na uulizwe ni nani.

Sasa haya ndiyo ninayokuomba. Kama mtoto ni Baya, mchukue, uchukue na karatasi zenu, mwende dirishani hapo uwanjani kabla ya tarehe ishirini na sita. Waelezeni kwamba nyinyi ni wawili. Mpewe viti vyenu, na tarehe nne Desemba mketi nyuma ya goli. Baba ameshaniagiza betri mpya za redio. Anasema bao likiingia atajua sauti zenu zimo humo ndani, wala hatajali ni nani aliyefunga.

Kama si Baya, nenda peke yako uchukue kiti kimoja, na uniandikie kweli. Usimtungie Baba uongo, wala usiniombe mimi nimtungie. Nilifikiria kufanya hivyo, nakiri, nilikaa na wazo hilo siku nzima ofisini. Lakini ameishi na watu wa bandari miaka mingi, uongo anausikia mlangoni kabla haujavua viatu. Nilimuuliza ikiwa si jina lake atafanyaje. Akasema, "Atakuwa mjukuu wangu vile vile. Nitamwita hilo alilopewa, nijifunze kulitamka. Lakini nilijue, nisife nikimwita mtoto wa watu kwa jina langu."

Usipige simu kwa jambo hili. Najua utataka kupiga ukishasoma, lakini ile simu ya jirani hukatika katikati ya neno, na sitaki Baba abaki na nusu ya jibu. Andika. Peleka posta siku hiyo hiyo.

Habari nyingine ni chache. Chumba chako cha zamani bado kina ule mlango unaogoma, na Baba hataki fundi auguse, ati wewe ndiye unayejua pa kuupiga teke. Mvua za vuli zimeanza kunyesha kidogo. Winnie ananiuliza kila nikipita kama watu wawili wameonekana, na mimi namwambia bado tunawatafuta.

Mama mdogo Mejumaa anakusalimu na anakuombea dua, anauliza kama huko mnapata tambi za kupika kwa sukari. Bramwel anakusalimu ingawa hamjuani, anasema siku ukija anataka aione sura iliyomsumbulia kadi yake. Mpe Ashley salamu zangu za kweli, si za adabu tu. Mwambie nina shemeji mmoja duniani na ningependa kumjua kabla sijazeeka. Mimi simlaumu kwa lolote.

Baba ndiye wa mwisho. Amenisikia nikiandika, ameniita, ameniambia nisikusalimie wewe kwanza, nimsalimie mjukuu wake kwanza, na kwa jina, kama inavyopasa. Nikamwambia, Baba, nitaandika jina gani? Ameniagiza niache nafasi hapa, uijaze wewe kwa mkono wako, uukate mstari huu uturudishie ndani ya bahasha:

Babu anamsalimu sana mjukuu wake ................................ wa Kazungu.

Mungu awalinde huko baridini, aulinde na mkono utakaoandika hapo juu, na amwachie Baba pumzi ya kutosha mpaka posta ifike.

Ni mimi dadako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Mbodze wa Baya